Ufundi na Maarifa: Jigi Iliyonyoka Huokoa Mbao na Vidole

Mtu atokaye katikati ya mji wa Nairobi kwa Ngong Road, akipita Adams Arcade na Dagoretti Corner kuelekea uwanja wa mashindano ya farasi, huona vitanda, makabati, meza na viti vimepangwa kando ya barabara vikingoja wanunuzi. Nyuma ya bidhaa hizo husikika mlio wa msumeno wa duara. Msumeno huo ndio unaompa fundi chakula chake. Nao huo huo ndio unaoweza kumharibia mbao, ukampotezea mteja, au ukamwondolea vidole.

Ufundi wa mbao si jambo geni katika sehemu hizi. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, karakana zake zilihitaji maseremala, na wengi wao walitoka Uhindi. Hata neno randa limetoka huko. Huko Thogoto, magharibi ya mji, misioni ya Kiskoti iliwafunza vijana useremala, na Jomo Kenyatta alikuwa mmoja wao. Mwaka 1924 Serikali ilifungua chuo cha kazi za mikono huko Kabete, ambacho leo ni Kabete National Polytechnic. Mkono wa fundi wa Nairobi, basi, umefundishwa kwa zaidi ya miaka mia. Tunalozungumzia leo ni kifaa kidogo kinachousaidia mkono huo, nacho ni jigi.

Jigi ni kifaa kinachoishika mbao na kuiongoza mbele ya msumeno, ili kila kipande kikatwe sawasawa na mwenzake. Ile ifaayo zaidi kwa kukata mapana ya mbao ina umbo la sinia: ubao mpana wa plaiwudi, kingo mbili zilizosimama, mmoja mbele na mmoja nyuma, na chini yake reli mbili zinazoteleza juu ya meza. Mbao huegemezwa ukingo wa nyuma, kisha sinia lote husukumwa na kuipeleka mbao kwenye meno.

Watu wengine hudhani ya kuwa kosa dogo halidhuru. Na watafakari hesabu hii. Fremu ya kioo ina pembe nne, na kila pembe hukatwa mara mbili, yaani mikato minane. Kila mkato ukikosea nusu digrii upande ule ule, pembe ya mwisho itaachana kwa digrii nne nzima. Mwanya huo fundi ataujaza gundi na unga wa mbao, naye mteja atauona siku ya kwanza aifutapo vumbi fremu yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kabla ya kuunda jigi, meza yenyewe sharti ichunguzwe. Umeme uzimwe, na waya uchomolewe. Fundi atie alama jino moja la msumeno, apime umbali kutoka jino hilo mpaka kwenye mfereji wa meza upande wa mbele. Kisha azungushe msumeno kwa mkono hata jino lile lile lifike nyuma, apime tena. Vipimo viwili visipolingana, msumeno haukwenda sambamba na mfereji, na hakuna jigi itakayoponya ugonjwa huo. Sharti meza irekebishwe kwanza.

Meza nyingi zitokazo viwandani zina mifereji yenye upana wa robo tatu za inchi, yaani karibu milimita 19. Lakini mafundi wengi hutumia meza zilizochomelewa na mafundi wa chuma hapa hapa mjini, nazo mara nyingi hazina mfereji wowote. Mwenye meza ya namna hiyo asikate tamaa. Reli zake zaweza kufungwa ili zikumbatie kingo mbili za nje za meza, maadamu kingo hizo zimenyoka na ziko sambamba na msumeno.

Reli ndizo roho ya jigi. Zichongwe kwa mbao ngumu iliyokauka vizuri, kama mvule, wala si kwa saipresi mbichi. Yafaa ikumbukwe kwamba mbao huvimba na kusinyaa kwa mapana yake, bali kwa urefu wake hubadilika kidogo mno. Reli iliyobanwa barabara katika ukavu wa Februari itakwama mvua za masika zifikapo mwezi wa Aprili. Kwa hiyo iteleze bila kulazimishwa, lakini isichezecheze kushoto na kulia.

Njia ya kuzifunga ni nyepesi. Sarafu chache za shilingi huwekwa ndani ya mifereji, na reli hulazwa juu ya sarafu hizo ili zichomoze kidogo juu ya meza. Gundi hupakwa juu ya reli, ubao wa plaiwudi hulazwa, na kitu kizito huwekwa juu mpaka gundi ikauke. Baadaye hutiwa skurubu, lakini matundu yatobolewe kwanza, kwa maana skurubu iliyopigwa bila tundu huipasua reli au kuivimbisha. Jigi ikikwama, fundi apake penseli laini kwenye kuta za mfereji, alisukume sinia mara kadha, kisha aligeuze. Penye weusi ndipo panaposugua. Hapo papigwe msasa kidogo kidogo, wala si randa. Mwishoni reli zisuguliwe kwa nta ya mshumaa. Mafuta hayafai, kwani huingia ndani ya mbao na kuichafua kazi ya mteja.

Sasa hufuata jambo ambalo wengi huliacha, nalo ndilo litenganishalo fundi na mbahatishaji. Ukingo wa nyuma ufungwe kwanza kwa skurubu moja tu kila ncha. Kisha ichukuliwe plaiwudi ya pande nne. Upande mmoja ukatwe. Upande uliokatwa uegemezwe ukingo, na upande unaofuata ukatwe. Vivyo hivyo mpaka pande zote nne ziishe. Mara ya tano upande wa kwanza ukatwe tena, na kipande chembamba kinachotoka kihifadhiwe. Kwa kuwa plaiwudi imezungushwa, kosa la ukingo limejirudia mara nne katika kipande hicho, na lile lisiloonekana kwa macho sasa laonekana kwa kipimo.

Tuseme kipande kina urefu wa milimita 400, na unene wa ncha moja ni milimita 20.8, wa pili 20.0. Tofauti ni 0.8. Igawanywe kwa nne, yapatikana 0.2 kwa kila milimita 400. Ikiwa skurubu mbili za ukingo zimeachana kwa milimita 600, basi ncha moja yapasa kusogezwa milimita 0.3, na nyingine ibaki kama ilivyo. Karatasi moja ya ofisini ina unene wa karibu milimita 0.1, basi karatasi tatu zatosha kuwa kipimo. Ukingo usogezwe, jaribio lirudiwe. Tofauti ikizidi badala ya kupungua, ulisogezwa kinyume. Ikiisha, skurubu zilizobaki zitiwe.

Kuhusu usalama, mambo matatu yasisahauliwe. Kwanza, nyuma ya ukingo, pale msumeno utokeapo, ligundishwe gogo nene la mbao, ili meno yaishie ndani yake na yasikute dole gumba. Pili, kipande kisibanwe kati ya msumeno na ukingo wa urefu wa meza, maana meno hukishika na kukirusha kwa nguvu kumwelekea fundi. Atakaye vipande vya urefu mmoja afunge kizuizi juu ya jigi yenyewe. Tatu, sheria ya Kenya ya mwaka 2007 juu ya usalama na afya kazini yataka mashine za hatari ziwe na vikinga. Mwenye karakana asimwambie kijana wake kwamba kikinga chachelewesha kazi.

Plaiwudi na skurubu hupatikana katika maduka ya vifaa mjini, na mara nyingi mabaki yaliyomo karakanani yatosha. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mwezi wa Februari 2018, bei ya mbao ilipanda, na kila kipande kilichokatwa vibaya kilikuwa hasara iliyoingia mfukoni mwa fundi. Mteja akiagiza viti sita, ataviweka sakafuni na kuona kama vinasimama. Kitakachoyumba ndicho atakachokisimulia kwa jirani zake.