SHAHADA MBILI, LUGHA MOJA



Siku hizi hapa visiwani pana neno jipya lililo tamu masikioni mwa wazee wenye mabinti. Neno hilo ni "skuli ya kimataifa": sekondari ya wasichana watupu, yenye lugha mbili na shahada mbili, moja ya kwetu na moja ya ng'ambo. Ada yake mara nyingi hutajwa kwa dola, na baba mwenye shilingi huisikiliza kama asikiaye khabari za nchi nyengine.

Hatuna ugomvi na msichana kupata shahada mbili. Apate hata tatu. Ilipofunguliwa skuli ya kwanza ya Serikali kwa wasichana hapa Unguja, mwaka 1927, walikuwapo walioingiwa na khofu, na leo hapana mwenye akili zake atakaye turudi nyuma ya siku ile. Ugomvi wetu ni juu ya hisabu. Tumeambiwa lugha mbili, na tuzihisabu.

Shahada ya ng'ambo, ile ya Cambridge, hutahiniwa kwa Kiingereza, isipokuwa mitihani ya lugha nyengine zenyewe. Vyema. Shahada ya kwetu ni ya Baraza la Mitihani la Tanzania, Kidato cha Nne. Hiyo nayo je? Fizikia kwa Kiingereza, kemia kwa Kiingereza, hisabati kwa Kiingereza, jiografia kwa Kiingereza. Kimebaki Kiswahili chenyewe na masomo machache ya pembeni. Basi iko wapi lugha ya pili? Mwenye duka akikuuzia pishi mbili za mchele, ukafika nyumbani ukakuta ni pishi moja iliyopimwa mara mbili, humwiti mtu wa kimataifa. Wamwita jina lake.

Watetezi wa jambo hili husema ndivyo dunia iendavyo. Sivyo hata kidogo! Ufaransa na Ujerumani, nchi zilizopigana vita vitatu baina ya 1870 na 1945, ziliwekeana mkataba mwaka 1994 wa shahada mbili iitwayo AbiBac. Mwanafunzi wa Kifaransa hubaki skulini kwao, akasoma fasihi ya Kijerumani, na historia na jiografia, kwa Kijerumani, na masomo yaliyosalia kwa lugha yake. Wa Kijerumani hufanya kinyume chake. Na mwisho kila mmoja hupewa shahada za nchi zote mbili. Hapana kati yao aliyesema lugha ya mama yake ni ya jikoni. Wajapani nao, walipotaka kuieneza nchini mwao ile diploma ya kimataifa iliyoasisiwa Geneva mwaka 1968, walipatana na wenyewe mwaka 2013 kwamba baadhi ya masomo yafundishwe na kutahiniwa kwa Kijapani. Waliomba, wakapewa. Sisi tumeomba lini?

Na lugha yetu si maskini wa kuonewa huruma. Kiunguja hiki ndicho kilichoteuliwa Mombasa mwaka 1928 kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. UNESCO mwaka 2021 iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa siku yake duniani. Tarehe hiyo wakubwa hupanda majukwaani wakakisifu hadi mate yakauke. Tarehe 8 kila mtu hurudi kwenye Kiingereza chake.

Wala asidhani mwanachama wa shamba kuwa haya ni mambo ya matajiri wa mjini. Siasa ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliamrisha hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano. Msichana wa Micheweni hakuwa na dola wala shahada ya ng'ambo, lakini Kiingereza kile kile aliwekewa mbele yake, na mara nyingine mwalimu mwenyewe alikuwa akikibabatiza. Aliposhindwa kujibu swali la mzunguko wa damu, aliandikwa kuwa hajui sayansi. Lau angaliulizwa kwa lugha yake, je?

Na yule wa dola, aliyefaulu? Tumpe heri yake: amekuwa daktari Mnazi Mmoja. Anaingia bibi kutoka Makunduchi na maumivu yake. Daktari anajua kila kilichomo tumboni mwa bibi yule, ila hawezi kumwambia bibi mwenyewe.

Basi katika mkutano wa tawi, mzazi akisimama kuisifu skuli ya namna hii, msimzomee. Muulizeni binti yake atatahiniwa masomo mangapi kwa Kiswahili, na jawabu liandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Kisha katibu wa tawi aipelekee Wizara ya Elimu pamoja na swali letu: Kiswahili kitaanza kutahini somo gani la sayansi, na mwaka gani? Sisi twapendekeza biolojia. Tunangoja jawabu kwa maandishi.