Likizo Hii, Tuelekee Kusini

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika utalii wa Tanzania methali hii haisimami. Serengeti, Ngorongoro, Kilimanjaro na Zanzibar ni pazuri kwelikweli, ila hapakujiuza penyewe: pamepigiwa debe kwa miongo mingi, ndani na nje ya nchi. Lindi na Mtwara hazijapata debe la namna hiyo, nasi tumehitimisha kwamba hazina cha kuonesha.

Hitimisho hilo lina madhara yanayovuka mipaka ya utalii. Nimewasikia watumishi wa umma wakiuzungumzia uhamisho wa kwenda Kusini kana kwamba ni adhabu. Sehemu ya nchi inayofikiriwa hivyo na wanaopanga bajeti itapangiwa bajeti kwa fikra hizo hizo. Ndiyo maana nashauri kwamba mwenye uwezo wa kusafiri likizo hii aelekee huko. Asiende kwa kuwahurumia wenyeji, aende kwa faida yake mwenyewe kama raia.

Aanzie Kilwa. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliukuta mji wa wafanyabiashara waliotajirika kwa dhahabu iliyopitia Sofala. Leo msafiri huchukua kibali Kilwa Masoko, akavuka kwa chombo hadi Kilwa Kisiwani, na kutembea katika Msikiti Mkuu na kasri la Husuni Kubwa bila kusukumana na mtu. UNESCO iliyaingiza magofu haya katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, ikayaweka katika orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, na kuyaondoa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya ukarabati. Anayesema Afrika haikuwa na miji kabla ya wakoloni hana hoja ya kuisimamisha hapo.

Bara ya Kilwa viko vilima vya Matumbi. Ni huko Nandete, Julai 1905, ambako wakulima waliolazimishwa kulima pamba waliing'oa, na Vita vya Majimaji vikaanza. Kila mwanafunzi wa Tanzania amejibu swali la mtihani kuhusu vita hivyo. Ni wachache kati ya wanafunzi wangu waliowahi kuviona vilima vyenyewe.

Katika mkoa huo huo wa Lindi ndiko iliko Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimbua hapo mabaki ya dinosaria, na wapagazi Waafrika wakayabeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mmoja wa dinosaria hao, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, amesimamishwa katika jumba la makumbusho mjini Berlin. Mtoto wa Berlin humfikia kwa treni ya mjini; mtoto wa Lindi huoneshwa picha. Mwanaharakati anayetaka kuzungumzia urejeshwaji wa mali za Afrika angefanya vyema kuzungumza kwanza na wajukuu wa wapagazi.

Akifika Nachingwea, mtunga sera atapata somo lake. Kuanzia mwaka 1947 Waingereza walimwaga mamilioni ya pauni katika mradi wa karanga bila kuuelewa udongo wala mvua, na mwaka 1951 ukaachwa. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara kwa ajili yake baadaye iling'olewa. Wilaya hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kuwapokea wapiganaji wa FRELIMO kwa mafunzo. Mpango mkubwa usiowasikiliza wenyeji una kaburi lake pale, na linazurika.

Kisha kuna gesi. Inatoka Songo Songo na Mnazi Bay, nayo huzalisha umeme unaotumika mbali na visima vyake. Mwaka 2013 wananchi wa Mtwara walipinga bomba la kuipeleka Dar es Salaam, na watu wakapoteza maisha. Nakumbuka jinsi walivyobezwa katika mazungumzo ya mijini na watu ambao hawakuwahi kukanyaga Mtwara. Mtu aliyewahi kula pweza Mikindani na kumsikiliza mwenyeji wake akieleza bei ya korosho asingehukumu kwa wepesi ule.

Naam, starehe nazo zipo: nyumba kongwe za mawe na milango ya nakshi Mikindani, mchanga mweupe wa Msimbati, vinyago vya Wamakonde, na samaki wa siku hiyo hiyo.

Nayajua mapingamizi. Ni mbali: kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 550. Hata hivyo, tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003, hatusubiri tena kivuko kwenye Mto Rufiji. Mvua bado ni tatizo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliikata barabara hiyo, na hapo Serikali inadaiwa kazi. Afadhali kwenda kuanzia Juni hadi Oktoba. Wengine watasema likizo ni ya kuwaona wazazi. Sheria ya ajira inatoa siku 28. Wazazi hawatanung'unika tukizitoa nne.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba fedha za utalii mara nyingi huwapita wenyeji. Jibu lake limo mikononi mwetu: tulale katika nyumba za wageni za pale pale, tumlipe mwongozaji aliyezaliwa pale, tule kwa mama lishe. Serikali nayo iweke mabango, maelezo ya Kiswahili na watunzaji wanaolipwa vizuri katika maeneo haya.

Mtumishi aliyeifahamu barabara ya Kilwa kwa macho yake hawezi kuyasoma maombi ya fedha kutoka Lindi kwa namna ile ile aliyoyasoma jana. Hiyo pekee inatosha kuwa sababu ya kujaza fomu ya likizo.