Na Wewe Mama, Kubali Kupokea



Mwezi huu nataka tuzungumze jambo lililonigusa mimi mwenyewe. Tangu Shule ya Jumapili tumefundishwa kwamba kutoa kuna baraka kuliko kupokea, na akina mama wengi tunajitahidi. Mwenzetu akijifungua tunambebea uji. Akifiwa tunachanga unga na kuni, tunalala naye matanga. Lakini je, shida ikibisha hodi kwako, uko tayari kupokea? Mimi sikuwa tayari.

Kwa karibu mwaka mzima nilikuwa natokwa na damu nyingi kila mwezi. Hedhi ilikwenda siku tisa, hata kumi. Nikipanda ngazi za wodini moyo unadunda na masikio yanavuma. Mimi ni muuguzi, nilijua maana yake. Kama angekuwa mama mwingine, ningemwagiza kwa daktari siku ile ile. Lakini nilinyamaza. Katika jumuiya yetu mimi ndiye ninayeandika majina ya wagonjwa wa kutembelewa, nikaona aibu kuandika la kwangu. Hata baba watoto nilimwambia ni uchovu wa zamu za usiku.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Siku moja nilianguka kazini. Kipimo cha wingi wa damu kilisoma 6, wakati mwanamke asiye na mimba anatakiwa awe na 12 au zaidi. Nilikutwa na uvimbe kwenye kizazi, ikabidi niongezewe damu kabla ya upasuaji.

Damu, mama, haitengenezwi kiwandani. Hata uwe na fedha kiasi gani, itatoka mkononi mwa mtu mwingine tu. Wanajumuiya walipopata habari, akina mama watano walikwenda kuchangia. Watatu walitoa. Wawili walirudishwa, kwa kuwa mmoja alikuwa ananyonyesha na mwingine hakufikisha kilo 50. Yule anayenyonyesha akawapikia wanangu. Mwenzake akawafulia sare za shule kwa wiki mbili.

Niliporudi nyumbani alikuja bibi mmoja mjane, ambaye kwa miaka nimekuwa nikimpelekea sukari na sabuni. Alileta mayai manne, ameyafunga kwenye pindo la khanga. Nikamwambia, "Bibi, rudi nayo, uyauze upate chumvi." Akakaa kimya, kisha akasema, "Mwanangu, siku zote unanipa, nami napokea. Leo nimekuletea, unanikatalia. Kwani mimi ni wa kupewa tu?"

Nilikosa la kujibu. Niliyapokea kwa mikono miwili, machozi yakinitoka.

Usiku ule nilisoma Yohana sura ya 4. Bwana Yesu amechoka na safari, anaketi kisimani, anamwomba maji mwanamke Msamaria. Yeye aliyekuwa na maji ya uzima alianza kwa kuomba. Luka naye, katika sura ya 8, anawataja Yoana, Susana na wanawake wengine waliomhudumia Bwana na wanafunzi wake kwa mali zao. Bwana hakuona aibu kupokea. Nilitambua kwamba kile nilichokiita kutosumbua watu kilikuwa kiburi. Nilitaka kuwa mtoaji daima, wengine wawe wahitaji wangu.

Mama, nakuomba mwezi huu ufanye haya:

1. Sema mapema. Hedhi ikizidi siku saba, au ukilazimika kubadili pedi au kitambaa kila baada ya saa moja au mbili, au ukipata kizunguzungu na moyo kwenda mbio, usingoje. Mwambie mumeo, nenda hospitali.

2. Mwenzako akikuuliza akusaidie nini, usijibu "hamna kitu". Taja jambo moja: maji, kufua, kukaa na mtoto.

3. Kama una afya njema, umri wa miaka 18 au zaidi, uzito usiopungua kilo 50, na si mjamzito wala hunyonyeshi, nenda ukachangie damu. Inachukuliwa kama mililita 450 tu, na mwanamke hupumzika miezi minne kabla ya kutoa tena. Akina mama wenzetu wanaotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua wanaihitaji sana.

4. Yule mnayemsaidia siku zote, mpeni naye nafasi ya kutoa, hata kama ni kuongoza sala. Msimnyime baraka yake.

Tuombe: Ee Bwana, tupe mikono iliyo wazi, ya kutoa na ya kupokea. Utuondolee kiburi kinachojifanya unyenyekevu. Utufundishe kubebana. Amina.

Hadi mwezi ujao, Mungu aibariki nyumba yako.