Tuache Sigara, Tuokoe Pumzi

Katika vilima vya Ngara asubuhi huwa na baridi, na ni jambo la kawaida kuwaona wazee wameketi kando ya moto, sigara au kiko mkononi, wakikohoa. Kikohozi hicho tumekizoea mno hata tumekihesabu kuwa sehemu ya uzee. Sivyo. Kikohozi kisichokoma, makohozi ya kila siku, na pumzi inayokatika mtu apandapo mlima kwenda shambani ni dalili za ugonjwa sugu wa mapafu, ambao huziba njia za hewa polepole kwa muda wa miaka mingi.

Ugonjwa huu si kifua kikuu, wala si kulogwa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 uliua watu wapatao milioni 3.5, na karibu asilimia 90 ya wanaouawa nao kabla ya kutimiza miaka 70 ni wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati, kama yetu. Tumbaku ni chanzo kikubwa. Chanzo kingine ni moshi wa kuni katika jiko lisilopitisha hewa, na huo huwaumiza zaidi akina mama, ambao wengi wao hawajapata kushika sigara maishani. Mume avutaye sigara ndani ya nyumba hiyo humwongezea mkewe mzigo juu ya mzigo.

Upo ukweli ambao hatuna budi kuusema bila kificho. Wilaya ya Biharamulo ina wakulima wa tumbaku, na fedha ya zao hilo husomesha watoto. Mkulima huyo si adui wa afya. Ametafuta riziki pale alipooneshwa soko. Lakini mwaka 2007 Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku, ambao unazitaka nchi ziwasaidie wakulima kupata shughuli mbadala zenye kipato. Ahadi hiyo haitimizwi kwa hotuba. Mkulima ataiacha tumbaku siku atakapoona zao jingine lina mnunuzi wa uhakika, pembejeo zinazofika kwa wakati na bei ya haki.

Wakati huohuo, sheria ya mwaka 2003 inakataza kumwuzia sigara mtoto aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo, wapo wazazi wanaowatuma watoto dukani wakawanunulie sigara. Viongozi wa vijiji na wenye maduka waanzie hapo. Kazi hiyo haihitaji bajeti.

Kwa ndugu anayevuta, tunasema: hujachelewa. Mapafu yaliyokwisha haribika hayarudi kuwa mapya, lakini anayeacha huupunguza mwendo wa ugonjwa, na katika miezi michache kikohozi na kuhema huanza kupungua. Wengi hushindwa mara ya kwanza, wakaona haya. Wasikate tamaa, kwani kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Jamaa na marafiki wawasaidie kwa kutowawekea sigara mbele ya macho, wala wasiwacheke.

Aliyekwisha kuugua naye asijifungie ndani akingoja kifo. Aende kupimwa, dawa ya kuvuta kwa pampu, mazoezi ya kutembea taratibu na kukaa mbali na moshi humwezesha kuishi na kufanya kazi kwa kadiri ya nguvu zake. Lakini ushauri huo hauna maana iwapo pampu haipatikani zahanati, na mgonjwa analazimika kuifuata mbali kwa nauli asiyokuwa nayo. Hilo ni deni la halmashauri zetu, na lilipwe.

Mwaka 1973 Taifa hili liliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Wananchi walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakashika majembe na kuchimba vyoo. Hawakungoja wafadhili wawafundishe kuthamini uhai wao. Moyo ule ndio unaotakiwa leo Ngara na Biharamulo: jiko litobolewe dirisha, sigara izimwe, na mzee anayekohoa apelekwe kupimwa.