Makato ya bajeti yasianzie kwa muuguzi

Tangu miji ya Goma na Bukavu kuanguka mikononi mwa AFC/M23 mwanzoni mwa mwaka wa 2025, serkali ya Kinshasa inasema wazi kwamba feza za taifa zinakwenda kwanza vitani. Mwezi wa tatu mwaka ule, Rais Félix Tshisekedi aliamuru mishahara ya wanajeshi na polisi iongezwe mara mbili. Taasisi zingine ziliombwa kufunga mkanda. Mtu wa mashariki, aliyekimbia na watoto mgongoni, hawezi kushangaa kusikia kwamba jeshi lina haja ya feza.

Lakini kila mara neno « kupunguza » linapotamkwa katika baraza la mawaziri, linasikika kwa namna yake katika vituo vya afya, toka Beni mpaka Uvira, toka Bunia mpaka Kalemie. Pale kuna wauguzi, wakunga, watu wa maabara na wale wanaosafisha chumba cha kuzalia. Swali lao ni moja: kama feza zinakatwa, nani atakatwa wa kwanza?

Swali hilo lina uzito kwa sababu katika afya ya serkali nchini Kongo, mtu hahitaji kupewa barua ya kufukuzwa ili apoteze kazi. Inatosha primu isifike.

Hali ya wafanyakazi hawa inajulikana na kila mgonjwa aliyewahi kulala hospitalini. Ndani ya jengo moja kuna watu wa aina tatu. Wa kwanza ana namba ya matrikule, anapata mshahara wa serkali pamoja na primu ya hatari. Wa pili anapata primu tu, mshahara anaungoja. Wa tatu hana chochote kutoka Kinshasa: aliajiriwa, alipewa barua, akavaa koti jeupe, na tangu hapo faili yake inatembea kati ya ofisi ya zoni ya afya, ofisi ya jimbo na wizara. Wanaitwa « wapya », hata kama wengine wao wamekwisha kuota mvi kazini. Wote watatu wanafanya zamu moja ya usiku na kugusa damu ileile.

Huyu wa tatu anaishi kwa nini? Anaishi kwa feza ya mgonjwa. Kila kituo kinakusanya malipo ya fishi, ya vipimo, ya dawa na ya kujifungua. Mwisho wa mwezi, baada ya kutoa matumizi ya kituo na sehemu inayopanda ofisi za juu, kinachobaki kinagawanywa kati ya wafanyakazi. Mwezi wa wagonjwa wengi, kuna kitu. Mwezi wa vita, wakati kijiji kizima kimekimbilia porini, hakuna kitu. Hapo ndipo mtu anapofunga mlango wa kituo saa sita mchana na kwenda kulima, au anamwambia mama mwenye uchungu kwamba glavu zimekwisha, anunue mwenyewe.

Kwa hiyo, wakati serkali inapunguza matumizi yake, hesabu haipotei. Inahama. Inatoka kwenye karatasi ya wizara na kuanguka kwenye mfuko wa mgonjwa. Muuguzi asiyelipwa na taifa atalipwa na jamaa ya mgonjwa, kwa risiti au bila risiti. Mgonjwa asiye na feza atazuiliwa hospitalini mpaka ndugu zake wauze mbuzi, au hatakuja kabisa. Makato ya namna hiyo hayaachi akiba yoyote. Yanaacha makaburi.

Mwaka wa 2025 ulileta makato mengine, na haya yalitoka mbali. Mwezi wa kwanza, serkali ya Marekani ilisimamisha misaada yake kwa nchi za nje. Mwezi wa tatu ilitangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID imefutwa, na tarehe 1 Julai shirika hilo likafunga milango. Umoja wa Mataifa ulikuwa umesema kwamba karibu asilimia 70 ya misaada ya kibinadamu nchini Kongo katika mwaka wa 2024 ilitoka Marekani. Katika zoni za afya, misaada hiyo haikuwa dawa na neti za mbu tu. Ilikuwa pia primu za watu: yule anayefuatilia wagonjwa wa ukimwi, yule anayepeleka sampuli kwa pikipiki, yule anayepima watoto wenye utapiamlo. Walikuwa wafanyakazi wa vituo vya serkali, lakini mshahara wao wa kweli ulitoka Washington. Siku Washington ilipofunga mfuko, Kinshasa haikuwa na mahali ilipowaandika.

Hapo ndipo penye shida kubwa kuliko makato yenyewe. Kwa miaka mingi taifa liliwaachia wafadhili kazi ya kulipa watu wake. Mradi unakuja, unaongeza primu, unaisha baada ya miaka mitatu, watu wanarudi kwenye mshahara wa sifuri, wanangoja mradi mwingine. Mfanyakazi amejifunza kuhesabu maisha yake kwa miradi. Anajua kwamba kuna ugonjwa mkubwa, kuna feza. Ugonjwa ukiisha, feza zinaondoka na magari yao.

Watu wa Mangina, Beni na Butembo wanajua jambo hilo kuliko wengine. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ilidumu karibu miaka miwili, mpaka tarehe 25 Juni 2020. Iligusa watu 3.470 na kuua 2.287. Zaidi ya wafanyakazi wa afya 150 waliambukizwa. Vituo vilichomwa, wahudumu walipigwa, na daktari Richard Mouzoko, raia wa Cameroun aliyetumwa na OMS, aliuawa kwa risasi Butembo mwezi wa nne 2019. Wakati ule kila kiongozi aliwaita wauguzi mashujaa. Hata hivyo, ugonjwa ulipoisha, wengi wao walirudi kwenye vituo vyao bila matrikule, kama walivyotoka. Halafu ikaja Covid, halafu mpox. Aina mpya ya mpox ilionekana Kamituga, Kivu ya Kusini, mwaka wa 2023, na mwezi wa nane 2024 OMS ikaitangaza kuwa hatari kwa dunia nzima. Waliogusa vidonda vya wagonjwa wa kwanza pale Kamituga hawakuwa wataalamu wa kutoka Geneva. Walikuwa wauguzi wa hospitali ya mahali.

Serkali nayo ina neno lake, na linastahili kusikilizwa. Orodha ya mishahara ya taifa ina watu wasiokuwepo. Mwaka wa 2023, Inspection générale des finances ilitangaza kwamba katika orodha hiyo kulikuwa na watu 145.604 wenye namba za matrikule zisizo sahihi au za uongo, na wengine 53.328 waliotumia namba moja na mtu mwingine. Hayo yalihusu wafanyakazi wote wa serkali, si wa afya peke yao. Waziri wa Bajeti akisema kwamba hawezi kuongeza watu juu ya orodha iliyooza, hana kosa.

Lakini tazama vizuri nani anaumia. Mtu wa uongo hana tumbo. Mwezi ukipita bila malipo, hawezi kugoma wala kulia njaa, na mwenye kumwandika anaweza kumwandika tena mahali pengine. Muuguzi wa kweli ndiye anayeambiwa angoje: « orodha inasafishwa ». Anapigwa picha, anahesabiwa, anajaza fishi, anapeleka fotokopi ya diploma, na mwaka unaofuata anahesabiwa tena. Usafi unaochukua miaka bila kumaliza unamlinda mwizi na kumchosha mfanyakazi.

Mashariki kuna mzigo wa kuongeza. Katika Goma na Bukavu mabenki yalifunga milango tangu vita kuingia. Mwenye mshahara kwenye akaunti alibaki kuutafuta kwa simu, akikatwa komisyo na kila mkono unaopitisha feza, au kuvuka mpaka kwenda kuuchukua. Yule wa hospitali ya Masisi au ya Kalehe anaogopa pande mbili: upande mmoja asihesabiwe kama mtu aliyeacha kazi, upande mwingine asihesabiwe kama mtu anayefanya kazi na adui. Alibaki na wagonjwa. Hiyo ndiyo siasa yake yote. Taifa linalodai kwamba miji hiyo ni yake haliwezi kuwasahau wale wanaozalisha wake za raia wake pale.

Sheria haikosekani. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 36, inasema kazi ni haki na wajibu mtakatifu, na inaahidi mshahara unaofaa. Kifungu cha 47 kinahakikisha haki ya afya. Sheria ya mwezi wa saba 2016 juu ya watumishi wa serkali inaeleza namna mtu anavyoingia kazini na namna anavyotoka. Na tangu mwaka wa 2001, pale Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutoa asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Kongo bado haijafika. Karibu kila mwaka sendika za madaktari na wauguzi zinagoma, zinasaini makubaliano na serkali, zinarudi kazini, kisha zinagoma tena kwa kudai makubaliano yaleyale.

Mwezi wa tisa 2023, rais alizindua Kinshasa mpango wa kujifungua bure, na umeanza kuenea katika majimbo mengine. Ni jambo zuri, mama wengi wameliombea. Lakini « bure » ina mlipaji. Kituo kisichomlipisha mama ni lazima kilipwe na taifa, tena kwa wakati. Malipo yakichelewa miezi mitatu, mkunga ndiye anayekopesha serkali, naye hakuulizwa.

Kama ni lazima feza zipunguzwe, na vita inaweza kulazimisha hivyo, kuna njia ya kufanya. Kwanza, serkali itangaze waziwazi ni mistari gani ya bajeti ya afya inayoguswa na ni ipi isiyoguswa. Mshahara na primu ya wanaomgusa mgonjwa viwe katika mistari isiyoguswa, kama ulivyo mshahara wa askari aliye mbele. Makato yaanzie kwenye safari, magari, semina na marupurupu ya ofisi za juu.

Pili, orodha ya wafanyakazi ibandikwe katika kila zoni ya afya, na ziko 519 nchini. Wakaaji wanawajua wauguzi wao kwa majina. Wataonyesha kwa siku moja nani ni wa kweli na nani ni kivuli, kazi iliyowashinda wakaguzi kwa miaka. Feza za vivuli zilipe « wapya » wa kweli, kwa kuanzia na waliokaa miaka mingi na waliopita katika Ebola na mpox.

Tatu, mtu aliyepoteza primu kwa sababu mradi wa nje umefungwa aambiwe kwa maandishi: anabaki au anaondoka, na kama anabaki, atalipwa na nani. Kumwacha mtu katika giza ni kumfukuza bila kumlipa haki zake. Sendika nazo zina deni hapa. Zimezoea kupigania waliomo kwenye orodha, wakati walio nje yake ndio wanaobeba zamu za usiku.

Askari analinda mji ili watu waishi, na muuguzi anafanya kazi hiyohiyo kwa sindano na taa ya simu wakati umeme umekatika. Bajeti inayomkumbuka mmoja na kumsahau mwingine italipa gharama siku ambayo homa isiyojulikana itatokea tena katika kijiji cha mbali. Siku hiyo Kinshasa itapiga simu kwenye kituo cha afya. Inafaa kuwe na mtu wa kuipokea.