Kitanda cha Mwanafunzi Kianze na Chandarua

Kila muhula mpya unapokaribia, wazazi huonekana katika maduka ya mjini Moshi wakiwanunulia watoto wao mahitaji ya chuo: godoro la sponji, shuka jozi mbili, blanketi, tranka, ndoo yenye kifuniko, pasi na jiko dogo. Swali huwa moja: vitu vyote hivi vitakaa wapi katika chumba chenye nafasi ya kupishana tu? Jibu nalo huwa moja: chini ya kitanda. Basi kitanda hugeuka ghala, kabati, meza ya kusomea na kiti cha wageni, na mwisho kabisa ndipo huwa mahali pa kulala. Sina ugomvi na mwanafunzi anayetafuta nafasi, kwa kuwa vyumba ni vidogo na fedha ni chache. Hoja yangu inahusu kipi kitangulie. Katika eneo kama Mabogini, kitanda kisicho na mahali pa kufungia chandarua hakijakamilika, na chochote kitakachopangwa juu, kando au chini yake hakina budi kusubiri hadi chandarua kipate nafasi yake.

Mabogini iko kusini mwa mji wa Moshi, katika tambarare inayopokea maji yanayotoka mlimani. Mradi wa umwagiliaji wa Moshi ya Chini, uliojengwa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani, hutumia maji ya mito Njoro na Rau kumwagilia mashamba ya mpunga. Mpunga huo umelisha familia nyingi na kusomesha watoto wengi, na sisemi neno dhidi yake. Hata hivyo, jaruba lenye maji yaliyotulia yanayopigwa na jua ndilo zalio analolipenda mbu aina ya Anopheles arabiensis, mwenezaji mkuu wa malaria katika eneo hili. Mwanafunzi anayepanga chumba jirani na majaruba hayo, kwa kuwa kodi ni nafuu kuliko mjini, amepanga pia karibu na mbu.

Msomaji makini anaweza kupinga. Atasema kwamba malaria imepungua mno mkoani Kilimanjaro, na atakuwa amesema kweli. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 uliuweka mkoa huu miongoni mwa mikoa ambayo maambukizi kwa watoto wenye umri chini ya miaka 5 hayakufika asilimia 1. Kwa nini basi tumsumbue mwanafunzi kwa habari ya chandarua, ilhali anayo mitihani ya kufikiria?

Jibu limo katika historia ya Moshi ya Chini yenyewe. Mwaka 2002, Jasper Ijumba na wenzake walichapisha matokeo ya kulinganisha maeneo ya mpunga, ya miwa na ya kilimo cha kawaida katika tambarare hii. Penye mpunga mbu walikuwa wengi zaidi, lakini uenezaji wa malaria ulikuwa mdogo kuliko kwingine. Kipato bora, matibabu ya mapema na matumizi ya vyandarua ni miongoni mwa mambo yanayoeleza kitendawili hicho. Maana yake ni kwamba mbu hawakuondoka. Kilichopungua ni vimelea, na vimepungua kwa sababu watu wamejikinga na kutibiwa. Anayeacha chandarua kwa kuwa malaria imepungua anafanana na mtu aliyekata paa la nyumba yake kwa kuwa ndani hamnyeshi.

Bweni au nyumba ya kupanga ina hatari yake ya pekee. Chini ya paa moja hulala kijana aliyekulia Kibosho, Machame au Marangu, ambako baridi ya mlimani huwafanya mbu wawe wachache, pamoja na kijana aliyetoka likizo Geita, Kigoma au Mtwara, ambako malaria bado ni ya kila siku. Huyu wa pili aweza kuwa na vimelea katika damu bila kujisikia mgonjwa, kwa sababu mwili wake umejenga kinga kiasi. Yule wa kwanza hana kinga hiyo. Akiambukizwa, yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata malaria kali. Kati yao yuko mbu wa jaruba. Kinachowatenganisha wote watatu ni kitambaa cha matundu madogo, kikifungwa ipasavyo.

Hapo ndipo kitanda chenyewe kinapoingia. Vitanda vingi vya wanafunzi ni vya ghorofa, maarufu kama deka. Anayelala chini anaweza kufunga chandarua cha pembe nne kwenye fremu ya kitanda cha juu. Anayelala juu mara nyingi hana pa kufungia: dari iko mbali au haipo, na ukuta ni wa mwenye nyumba, asiyetaka misumari. Matokeo yake, chandarua alichonunuliwa na mzazi hubaki kimekunjwa ndani ya tranka muhula mzima. Dawa ya tatizo hili haipatikani hospitalini. Iko kwa fundi wa kuchomelea: nguzo nne za chuma zinazopanda kutoka pembe za kitanda hadi kimo kinachomruhusu mtu kuketi bila kichwa kugusa kitambaa. Kwa kitanda cha mbao, seremala hufanya kazi hiyo kwa fito nne.

Mwanafunzi naye ana sehemu yake. Wengi huinua kitanda kwa matofali ili masanduku yaingie chini. Kuinua si kosa, mradi miguu yote minne ikae imara na kitanda kisiyumbe. Hata hivyo, pindo za chandarua zichomekwe chini ya godoro. Zisiachwe zikining'inia kuelekea masanduku, kwa maana mbu hupita katika mwanya huo. Nguo zisitundikwe kwenye kamba za chandarua, na vitabu visirundikwe pembeni mwa godoro hadi kitambaa kikamgusa aliyelala, kwani mbu humuuma mtu kupitia matundu pale ngozi inapokigusa. Chandarua chenye dawa kifuliwe kwa upole kwa sabuni ya kawaida na kianikwe kivulini, maana jua kali huipunguzia dawa nguvu. Tundu likitokea lishonwe siku hiyo hiyo. Tafiti zimeonyesha kwamba mbu wa Moshi ya Chini wamejenga usugu dhidi ya dawa za kundi la pairethroidi, ambazo ndizo zimetumika kwa muda mrefu kwenye vyandarua. Dawa inapopungua makali, uzima wa kitambaa huwa na thamani zaidi.

Wanafunzi hulalamika kwamba chandarua kinaleta joto. Malalamiko hayo ni ya haki, kwa kuwa tambarare ya Mabogini si Mweka, ambako wanafunzi wa chuo cha wanyamapori hutafuta blanketi la pili. Chandarua hupunguza upepo kweli. Ahueni hupatikana kwa kusogeza kitanda karibu na dirisha lenye wavu, kutumia chandarua kipana kisichombana mlalaji, na kulalia shuka nyepesi ya pamba. Vitu vilivyoshindiliwa chini ya kitanda hadi kugusa chaga huzuia hewa kupita chini ya godoro, nalo hubaki na jasho na unyevu. Kwa hiyo acheni uwazi wa kiganja kimoja kati ya sanduku la juu kabisa na chaga, na siku za jua mtoeni godoro nje lipate hewa.

Ghala la chini ya kitanda lina magonjwa yake. Unga, mchele na karanga zilizofunguliwa huita panya na mende. Mabegi ya nguo yasiyoguswa kwa miezi hukusanya vumbi linalomchokoza mwenye pumu, na mikunjo yake huwapa kunguni maficho. Kunguni hawajulikani kueneza malaria, lakini mtu asiyelala usiku hasomi mchana. Chakula kikae ndani ya ndoo yenye kifuniko kinachobana. Nguo zisizotumika zifungwe ndani ya sanduku. Na kila wiki vitu vyote vivutwe nje, sakafu ifagiliwe na kupigwa deki. Tranka lenye magurudumu madogo, au lililowekwa juu ya ubao unaovutika, huifanya kazi hiyo iwe nyepesi.

Vipo vitu visivyostahili kabisa kukaa kitandani wala chini yake: jiko la mkaa, jiko la gesi, mafuta ya taa, mshumaa unaowaka, na ekstensheni ya umeme iliyofunikwa na godoro. Kilimanjaro haihitaji kukumbushwa kwa maneno mengi. Mwaka 1994, moto katika bweni la Shule ya Sekondari Shauritanga, wilayani Rombo, uliua wasichana zaidi ya 40. Mwaka 2009, moto mwingine katika Shule ya Sekondari Idodi, mkoani Iringa, uliua wasichana 12. Chandarua na sponji hushika moto upesi. Anayesomea ndani ya chandarua atumie taa ya kuchaji, na njia kutoka kitandani hadi mlangoni isizibwe na ndoo wala mabegi, kwa sababu gizani na katika moshi hakuna anayekumbuka kuruka tranka.

Nafasi kati ya kitanda na kitanda nayo ni suala la afya. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, daktari Mwingereza J. A. Glover aliwachunguza askari waliolala katika mabweni yaliyojaa, akaona kwamba kadiri vitanda vilivyosogezwa karibu ndivyo wabebaji wa bakteria wa homa ya uti wa mgongo walivyoongezeka, vilipotenganishwa, walipungua. Mwongozo wa usalama wa shule nchini Kenya wa mwaka 2008 unataka angalau mita 1.2 kati ya vitanda. Penye nafasi finyu, walalaji wa vitanda jirani walaze vichwa pande tofauti, kwa mpangilio ule wa mzungu wa nne, na madirisha yafunguliwe. Aidha, mwenye kifafa na mjamzito wapewe kitanda cha chini bila kubishaniwa.

Yote haya hayawezi kubebwa na mwanafunzi peke yake. Mwenye nyumba anayepokea kodi ya muhula mzima, na chuo kinachoagiza vitanda kwa mamia, ndio wanaoamua iwapo nguzo za chandarua zitakuwapo. Ni rahisi zaidi kuziandika katika maelezo anayopewa fundi kabla hajaanza kazi kuliko kuzitafuta baada ya kitanda kuingia chumbani. Ningependa kuona serikali za wanafunzi zikilifanya jambo hili kuwa dai la kawaida, kama zinavyodai maji na umeme. Mzazi naye, kabla ya kulipa kodi ya chumba Mabogini, aulize mahali pa kufungia chandarua kama anavyouliza kuhusu choo na kufuli.

Kwa wenzangu wa zahanati na vituo vya afya, nina ombi dogo. Mwanafunzi akifika na homa, tunampima malaria kwa kipimo cha haraka, na ndivyo inavyopasa. Tumuulize pia ametoka mkoa gani wiki chache zilizopita, analala kitanda cha juu au cha chini, na chandarua chake kimefungwa wapi. Akijibu kwamba kimo ndani ya tranka, tusimkemee. Tumweleze habari za fundi na nguzo nne, kisha tumwombe, siku ya kurudi kuangaliwa, atuambie kama kimetoka.