Gesi ni ya Taifa, Mtungi Mtupu ni wa Tukuyu

Nikiwa Tukuyu likizo iliyopita, dereva wa Noah aliniuliza: "Mwalimu, na mimi nifunge gesi?" Hubeba abiria na ndizi kwenda Mbeya, na petroli inammaliza. Nilimjibu asubiri. Leo nalipa deni la kueleza sababu.

Mfumo wenyewe si muujiza. Injini ya petroli haiondolewi. Huongezewa njia ya pili ya mafuta. Gesi asilia hushindiliwa katika mtungi imara kwa takriban bari 200. Hupita kwenye kipunguza mgandamizo kinachopashwa joto na maji ya injini, kisha nozeli huipuliza penye njia ya hewa kwa amri ya kompyuta ndogo. Gari huwashwa kwa petroli, injini ikipata moto huhamia kwenye gesi. Gesi ikiisha, hurejea kwenye petroli.

Hapo kwenye kuisha ndipo penye hoja. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, na ile ya Mnazi Bay hufika Dar es Salaam kwa bomba, na vituo vya kujazia vimeufuata mkondo huo. Tukuyu iko mbali kwa zaidi ya kilomita 800. Dereva wetu atalipia mtungi utakaokula nafasi ya mikungu ya ndizi, kisha aupandishe mtupu milima ya Isongole kwa petroli ileile. Rungwe nayo hutoa gesi ardhini, lakini ni kaboni dayoksaidi: hutia povu soda, haiwaki.

Wapo watakaosema afunge LPG, kwani haihitaji bomba. Ni kweli, ila twaiagiza kutoka nje. Tena mtungi wa jikoni haukuundwa kwa ajili ya gari. Tangi la gari huwa na vali inayozuia kujazwa kupita asilimia 80, ili kimiminika kipate nafasi ya kutanuka. Kuunganisha mtungi wa jikoni kwenye injini ni kuwapakiza abiria pamoja na hatari.

Ndugu msomaji, siipingi gesi; naipinga sera inayoishia penye bomba. Gesi iliyoshindiliwa husafirishika kwa malori. Kituo kimoja Uyole, zinapokutana barabara za Dar es Salaam, Tunduma na Kyela, kingewafaa wengi, kikiwa na mafundi waliosomea kazi hiyo na wakaguzi wa mitungi. Rasilimali ikiitwa ya taifa, basi na ipande mlima.